Kiatu cha Mlezi Kwenye Foleni ya Gemu

Nchi yetu haina matatizo. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo taarifa ya habari inavyoanza kila jioni, na mtu akianza kwa namna nyingine watu wanamwangalia vibaya. Iko wapi nchi hiyo, usiulize. Ina mlima mmoja, mito kadhaa ambayo maji yake bado yako njiani, na Mlezi mmoja. Mlezi ndiye kiongozi wetu. Alikaa kwenye kiti mwaka ambao mimi nilianza shule. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Yeye kiti hajakiacha.

Naitwa Chande. Nina banda la gemu nyuma ya soko la mitumba. Usifikirie kitu kikubwa: mabati, feni, runinga moja, mashine moja, pedi mbili za kuchezea na viti viwili vya plastiki, kimoja kimefungwa waya mguuni. Banda hilo ndilo linalonilisha mimi, mke wangu Mwanahawa, na mama yake, ambaye ananiita mhuni mpaka leo huku anakula.

Kwangu kuna sheria moja, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: UKISHINDWA, PISHA. Mechi ikiisha, aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anatoa pedi na kuinuka. Akitaka tena, anarudi nyuma ya foleni. Na kwa kuwa hakuna mtu mzima mwenye muda wa kusimama mchana kutwa, foleni yetu ni ya ndala. Unavua ndala moja, unaipanga nyuma ya za wenzako, unaenda kwenye shughuli zako. Zamu ikifika unaitwa. Mtaani kwetu ukimwona mtu mzima anatembea na ndala moja, humuulizi kapatwa na nini. Yuko foleni kwa Chande. Na hakuna aliyewahi kuiba ndala ya foleni. Hata wezi wetu wanapanga za kwao.

*

Mambo yalianzia ng'ambo. Kampuni moja kubwa ya huko ilitoa gemu jipya la mpira, ikajigamba kwamba nchi zote za dunia zimo. Watu wakalipekua. Visiwa vyenye watu wachache kuliko soko letu vilikuwemo. Sisi hatukuwemo.

Ungedhani wametuchomea bendera. Baraza la mawaziri likakutana, na jioni Waziri wa Gemu na Heshima ya Taifa, Mheshimiwa Makoba, ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa Waziri wa Mifugo, akawaita waandishi wa habari.

"Wametusahau kwa makusudi," alisema. "Wanajua tukiingia kwenye gemu lao, litakuwa halina maana tena. Basi ninatangaza mbele ya ulimwengu kwamba sisi ndio tumewatoa wao. Taifa hili litatengeneza gemu lake, lenye mpira wake, lenye nyasi zake na lenye ushindi wake."

Mwandishi mmoja akauliza ni nani atakayelitengeneza.

"Wataalamu."

"Wako wapi, mheshimiwa?"

"Wapo."

Kwanza kikatoka kionjo, video fupi ya kulitangaza. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Simba wananguruma, fataki zinalipuka, wachezaji wanatoka jasho mpaka unaliona tone moja moja. Tatu, msusi mwenye saluni inayopakana na banda langu, alikitazama kwenye simu ya mteja wake akacheka mpaka akaachia msuko.

"Kaka Chande, hili si lile lile la Wazungu? Wamebandika vichwa tu. Ona, huyu Mlezi ana shingo ya kijana wa miaka ishirini."

"Nyamaza, msuko utapinda."

"Utapinda huo wao. Wangu haupindi."

Tatu ndivyo alivyo. Ndiye mchezaji bora wa banda langu, na kama hujui atakwambia mwenyewe kabla hujakaa.

Tarehe ya gemu kutoka ikatangazwa, ikaahirishwa, ikatangazwa nyingine, nayo ikaahirishwa kwa kuiheshimu ile ya kwanza. Waliolinunua kabla halijatoka walipewa cheti cha subira. Hatimaye likatoka, likaitwa Taifa Dimbani.

Nilicheza. Linaanza na hotuba ya Waziri. Kitufe cha kuruka hotuba kipo, ila ukikibonyeza hotuba inaanza upya. Mlezi anavaa jezi namba kumi na haguswi. Ukimkaba, mwamuzi anakupa kadi nyekundu, kisha anampigia saluti yeye. Timu pinzani haina kipa. Kipa anauzwa peke yake, na ukishamnunua anakuja bila mikono, mikono iko kwenye apdeti ijayo. Kitu kimoja tu kilifanana na maisha: mvua ikinyesha ndani ya gemu, umeme wa uwanjani unakatika. Hapo wataalamu walifanya kazi kwa uaminifu.

Ikapitishwa sheria kwamba mabanda yote yacheze Taifa Dimbani peke yake, na banda litakaloshindwa ukaguzi lifungwe. Wateja wangu wakajaribu kwa uzalendo siku moja. Ya pili wakabeba ndala zao. Ikabidi nitumie akili. Mchana tulicheza gemu la zamani la mpira, na Mwanahawa alikaa mlangoni akimenya vitunguu. Mkaguzi akionekana, Mwanahawa anakohoa, tunabadilisha diski, ya zamani inafichwa chini ya beseni lake, na watu wote wanampigia makofi Mlezi akifunga goli lisilo na kipa.

*

Siku moja Mwanahawa alikohoa mpaka akapaliwa. Alikuwa Waziri Makoba mwenyewe, na nyuma yake askari amebeba mnyororo na kufuli.

"Wewe ndiye Chande?"

"Ndimi, mheshimiwa."

"Shule?"

"Niliishia darasa la sita."

"Safi. Hutakuwa na maswali. Mlezi anakuja kulizindua rasmi gemu la taifa miongoni mwa wananchi. Tumechagua hapa kwako."

"Kwa nini hapa kwangu, mheshimiwa?"

"Nimesema hutakuwa na maswali." Kisha akaona haya kidogo. "Lami inaishia hapo sokoni. Mbele yake gari la Mlezi haliwezi kwenda."

Akanieleza mpango. Mlezi atacheza mechi moja mbele ya kamera, nchi nzima ikitazama moja kwa moja, atashinda, ataondoka. Mambo yakienda vizuri, banda langu linapata kibali cha kudumu. Yakienda vibaya, linafungwa papo hapo. Askari akautikisa mnyororo kidogo ili nielewe. Mwanahawa alikuwa bado ameshika kisu na kitunguu. Hakumenya tena siku hiyo.

Waziri akauona ukuta. "Hii ifutwe."

"Ni sheria ya foleni tu, mheshimiwa."

"Najua ni ya nini. Ndiyo maana ifutwe."

Nikaipaka chokaa. Nyekundu ikajitokeza ikawa rangi ya waridi, ikasomeka vizuri kuliko mwanzo. Ikabidi watundike picha ya Mlezi juu yake.

Mpinzani alitakiwa awe mwanamke, kwa ajili ya usawa. Nikamtaja Tatu, maana sikuwa na mwingine. Waziri akamwambia kazi yake ni kushindwa.

"Nishindwe kwa ngapi?" akauliza Tatu.

"Kwa heshima."

"Heshima ni goli ngapi?"

Waziri akanitazama mimi. Nikasema nitaongea naye. Nikaongea naye, nikamwonyesha mama mkwe wangu na sahani yake, nikamwambia huyu bibi akikosa chakula atahamia saluni kwako. Tatu akakubali.

*

Mlezi alifika na ving'ora, bendera na kwaya. Ni mfupi kuliko picha zake. Alikaa kwenye kile kiti chenye waya, kimevishwa kitambaa cha dhahabu, akashika pedi vizuri tu. Wajukuu zake walikuwa wamemfundisha.

Nikawasha mashine. Runinga ikaandika: APDETI INAENDELEA, USIZIME. Asubuhi hiyo Waziri Makoba alikuwa ameagiza picha yake iongezwe kwenye gemu, pembeni ya ile ya Mlezi, ndogo tu, kwa unyenyekevu. Apdeti ilifika nusu ikasimama.

"Inasubiri nini?" Waziri akaninong'oneza.

"Inasema inasubiri ruhusa ya wizara."

"Mimi ndiye wizara."

"Ndiyo, mheshimiwa. Inasubiri."

Kwaya ikaimba nyimbo zote inazozijua, ikaanza kuzirudia. Mlezi akageuka. "Kuna nini?"

"Mlezi, mitambo inajiandaa kukupokea," Waziri akasema.

"Na ile diski pale chini ya beseni la vitunguu ni ya nini? Iwekeni hiyo."

Hakuna mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia Mlezi haiwezekani. Kwa hiyo iliwezekana. Nikaizima apdeti, nikaweka gemu la zamani, lile ambalo ndani yake Mlezi hayupo, nchi haipo, na kipa ana mikono miwili. Waziri alikaa chini kwenye kreti la soda bila kukaribishwa.

Tatu mwanzoni alifanya kama tulivyokubaliana. Mlezi akapiga shuti la kuchoka, kipa wa Tatu akalitazama likipita kama anamsindikiza mgeni. Goli. Kwaya ikalipuka. Mlezi akaigeukia kamera.

"Mnaona? Huyu mama mngemwacha akasuke."

Watu wakacheka. Tatu akacheka pia. Kisha nikamwona anajifuta mafuta ya nywele mikononi kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Ukishaishi na banda la gemu unaijua hiyo namna ya kujifuta. Nikaangalia mlango ulipo.

Ilimalizika tano kwa moja. La tano alimpiga chenga kipa, akasimama kwenye mstari, akamsubiri kipa arudi, akampiga chenga tena.

Na hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Sikukusudia. Maneno hayo nimeyasema kila mechi inapoisha, mwaka baada ya mwaka, mpaka mdomo umezoea kuyatoa bila kunishirikisha. Filimbi ya mwisho ikalia kwenye runinga, na mimi, nikiwa naangalia feni, nikasema kwa sauti yangu ya kila siku:

"Ukishindwa, pisha."

Kwaya ikanyamaza katikati ya neno. Nchi nzima, runinga zilibadilika zikaonyesha filamu ya kilimo bora cha mihogo.

"Amesemaje?" Mlezi akauliza.

"Amesema upumzike, Mlezi," Waziri akajibu kutoka kwenye kreti.

"Amesema upishe," Tatu akasema. "Ndiyo sheria ya hapa."

"Ni ya kila mtu?"

"Ya kila mtu. Hata huyu mwenye banda namwinua kila siku."

Mlezi akaitazama pedi. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa ambao hajawahi kupita.

"Na nikipisha, naenda wapi?"

Nakuapia hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo katika nchi yetu. Nikajibu mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu.

"Unaweka ndala nyuma, Mlezi. Zamu yako itafika tena."

"Sina ndala."

"Hata kiatu kinafaa."

Akainuka. Akavua kiatu cha kushoto, cheusi, kinang'aa mpaka unajiona ndani. Soksi ilikuwa na rangi za taifa na ilitoboka kidoleni. "Nani wa mwisho?" akauliza.

Kombo muuza maandazi akanyoosha mkono kutoka nyuma ya kwaya. "Mimi, Mlezi. Hiyo ya kijani."

"Niko nyuma yako, basi."

Akakipanga kiatu nyuma ya ndala ya kijani ya Kombo, akatoka akichechemea mpaka kwenye gari, sawa na mtu yeyote wa mtaa wetu.

*

"Funga," Waziri akamwambia askari wa mnyororo.

Askari akafika mlangoni, akasimama. "Mheshimiwa, kuna kiatu."

Ilibidi wamwite mwanasheria. Nchi yetu ina sheria inayosema popote palipo na vazi la Mlezi, Mlezi yupo. Ilipitishwa aliposahau kofia hotelini, na hoteli hiyo ikawa Ikulu mpaka kofia ilipopatikana. Kwa hiyo kulifunga banda ni kumfungia Mlezi ndani.

"Basi kitoeni kiatu," akasema Waziri.

"Inawezekana," mwanasheria akasema. "Mheshimiwa uandike tu amri ya kumwondoa Mlezi mahali alipo, utie sahihi."

Waziri alirudi kukaa kwenye kreti.

Banda halikufungwa. Kiatu kikawekewa askari wawili, na kesho yake mawaziri wote wakaingia bungeni na kiatu kimoja kimoja. Wapinzani, ambao ni mmoja, walilalamikia harufu, wakatolewa nje. Magazeti yakaandika kwamba kutembea na kiatu kimoja kunaimarisha moyo.

Mimi nilidhani nimepona. Kombo akacheza, Tatu akamwinua, na zamu ikafika kwenye kiatu. Hapo kila kitu kikasimama. Wa nyuma hawezi kumpita Mlezi. Mlezi mwenyewe hayupo, ingawa kisheria yupo. Watu walikaa na ndala moja moja siku nzima, wakaja siku ya pili, kisha wakaanza kuzichukua. Nyumbani mama mkwe aliacha kuniita mhuni, na hiyo ilinitisha kuliko mnyororo. Alikuwa anatunza nguvu.

"Tukiruke," Kombo akasema.

Askari wakamtazama kwa namna iliyomfanya awaombe radhi na kuwagawia maandazi.

"Basi kicheze chenyewe," akasema, kwa utani kabisa.

Utani katika nchi yetu husafiri kwenda juu, na ukifika juu unarudi ukiwa agizo. Waziri Makoba alikuja na kamera. Kiatu kikawekwa kwenye kiti chenye waya, pedi ikaegeshwa pembeni yake. Tatu akakataa kata kata.

"Mimi nimefungwa na watu, nimefungwa hata na Chande siku nina homa. Kiatu hakinifungi."

Ikabidi Waziri achukue pedi mwenyewe, ageuze wachezaji wake, ajifunge. Hakuwa anajua kucheza, kwa hiyo hata kujifunga kulimchukua muda. Jioni redio ikatangaza: Kiatu cha Mlezi kimeshinda tatu bila, bila kutumia nguvu.

Papo hapo nikapewa kibali cha kudumu, kina fremu na muhuri. Nikakitundika. Nikauliza, "Sasa kiatu kiondoke, wateja wacheze?"

"Si umesema mwenyewe sheria yenu?" Waziri akasema. "Aliyeshinda anabaki."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu pekee mtaani mwenye banda halali kabisa, lenye ulinzi wa serikali, lenye bingwa asiyepingika kwenye kiti, na lisilo na hata mteja mmoja. Mwanahawa alianza kuuza vitunguu vile alivyokuwa anavimenya.

*

Mlezi alikuja alasiri moja, bila ving'ora. Gari liliachwa lami inapoishia. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu, wa kushoto ulikuwa na ndala ya bluu ambayo nadhani aliiazima kwa dereva.

"Zamu yangu imefika?" akauliza.

"Imefika zamani, Mlezi," nikasema.

Akakiona kiatu kwenye kiti. "Nani kakiweka hapo?"

Askari wakasimama wima. "Kilishinda, Mlezi."

"Kilicheza na nani?"

"Na Waziri."

"Mmh," akasema. "Hata mimi ningemfunga." Akakiondoa kiatu kwenye kiti kwa mkono wake mwenyewe, akakaa. "Mwiteni yule msusi."

Tatu alikuja akiwa na chanuo kwenye nywele na mteja wake nyuma, nusu amesukwa.

"Shikamoo, Mlezi."

"Marahaba. Leo nimejiandaa. Nimecheza na baraza zima la mawaziri. Wote nimewafunga. Wengine walijifunga kabla sijafika golini."

"Basi hujajiandaa," Tatu akasema, akajifuta mikono.

Ilikuwa mechi, safari hii. Mlezi alitoa ulimi, alihama na kiti, alimtukana beki wake kwa kilugha cha kwao. Dakika za mwisho matokeo yalikuwa mbili kwa mbili, na Tatu alikuwa amesahau kwamba anacheza na nani, maana alimwambia "hebu tulia, mzee, unanipiga kiwiko." Kisha akafunga la tatu.

Filimbi ikalia. Mimi mdomo nilikuwa nimeuziba kwa viganja vyote viwili, na Mwanahawa ameongeza cha kwake juu.

Mlezi akaweka pedi chini. Akainuka. Akakichukua kiatu, akaenda nacho mpaka nyuma, mahali ambapo watu waliosikia kelele walikuwa wameshaanza kupanga ndala.

"Nani wa mwisho?" akauliza.

Sasa banda limejaa, mama mkwe amerudia kuniita mhuni, na Waziri Makoba amerudishwa mifugo, ambako nasikia ng'ombe hawajui kujifunga. Watu wa mbali hunijia na kuniuliza kama ni kweli. Nawaambia ni kweli kabisa, nimemwona kwa macho yangu. Mlezi anajua kupisha. Akishindwa anainuka mwenyewe, hasukumwi, hanuni, anapanga kiatu chake nyuma ya ndala za wauza maandazi na kuulizia zamu yake kama mtu mwingine yeyote. Halafu anapanda gari na kurudi kwenye kile kiti kingine.